Siku Sita za Kufufua Pikapu Yangu

Vijana wangu mnaojifunza ufundi wa magari, kabla hamjasikia kwa mke wangu, bora mlisikie kwangu: gari lililovuja oili vibaya kuliko yote niliyoyashika kwa miaka thelathini na minane lilikuwa la kwangu mwenyewe, limeegeshwa hatua kumi kutoka mlango wa jikoni.

Nilistaafu kazi ya gereji hapa Mbinga nikiwa na mgongo mbovu na jina zuri. Watu walinifuata kutoka vijiji vya Ruanda na Litumbandyosi, wengine wakiliita gari lao bovu mgonjwa na mimi wakiniita daktari. Lakini pikapu yangu, ya petroli, ya buluu zamani hizo, ilikuwa ya mwisho kwenye foleni siku zote. Mteja kwanza, mimi baadaye. Baadaye hiyo ikafika miaka minne. Ilikaa chini ya kibanda cha mabati, kando ya kichanja tunachoanikia kahawa, boneti haifungiki, na kuku mmoja mwekundu alikuwa akitagia juu ya betri. Hata kabla sijaiegesha ilikuwa inavuja. Chini yake palikuwa na doa jeusi lenye upana wa ungo, na Mama Rehema, yaani mke wangu, alikuwa ameshahamisha kamba yake ya nguo kwa sababu ya doa hilo.

Ikafika Jumatano moja jioni, shemeji yangu Yona akapiga simu kutoka Chiwanda, huko ziwani kusini, kwao na mke wangu. Alisema madaktari wa macho wangekuja hospitali ya Mbinga Jumatano inayofuata, wakae siku tatu tu. Mama yao, Bibi Dorika, macho yalikuwa yameingia ukungu mwaka wa pili sasa. Alikuwa hawezi tena kutofautisha mlango na dirisha, na njia ya kwenda ziwani, aliyoipita tangu utotoni, alikuwa anaongozwa kwa fimbo na mjukuu. Mara ya mwisho walipompakia kwenye bodaboda alianguka mchangani, akaapa kwamba chombo cha magurudumu mawili hatakipanda tena mpaka kaburini.

Mke wangu aliiweka simu chini akanitazama.

"Tukodi teksi," akasema.

Hapo ndipo kiburi kiliponipanda. Mimi, fundi wa miaka yote hiyo, nikodi gari kumfuata mama mkwe, na gari langu liko uani?

"Nipe siku sita," nikamwambia. "Jumanne asubuhi tunateremka na pikapu."

"Siku sita zinatosha?"

"Mungu aliumba dunia kwa siku sita."

"Mungu hakuwa anatafuta spea," akasema, akaenda kugeuza ugali.

Basi Alhamisi alfajiri nikaanza. Na nilianza kwa kuosha, si kwa kufungua. Hapo nataka mnisikilize, maana vijana wengi huingia na spana mkononi kabla hawajaona wanachokifungua. Injini iliyojaa matope na oili ya miaka huwezi kujua inavujia wapi. Kila mahali pamelowa, kila mahali panashukiwa. Kwanza nilimhamisha yule kuku na mayai yake manne. Kisha nikatoa waya za betri, nikatoa kiota cha panya kilichokuwa juu ya kichujio cha hewa, kimejengwa kwa maganda ya mahindi na kipande cha sweta la binti yetu Rehema lililopotea alipokuwa kidato cha pili.

Halafu nikafunika kwa nailoni kila kitu kisichopenda maji: mdomo wa kabureta, altaneta, distribyuta na waya za plagi, nikafunga kwa mpira. Tope nene nililikwangua kwa kijiti cha mwanzi. Kijiti, si bisibisi. Bisibisi hukwaruza alumini na kutoboa mipira. Kisha brashi na mafuta ya taa, nikianzia juu kushuka chini, na chini ya gari nimetega karai ili uchafu usiingie kwenye udongo wa bustani. Msioshee petroli hata siku moja. Na mafuta ya taa nayo yaogopeni: nilimwomba Mama Rehema ahamishie jiko lake nyuma ya nyumba siku ile, akahama huku akisema kwamba sasa gari limeshamfukuza kwenye kamba ya nguo na jikoni, bado chumbani. Mwisho, maji kidogo yenye sabuni ya unga, kitambaa, na jua.

Yote hayo nilifanya injini ikiwa baridi kabisa. Ninajua kwa nini.

Mwaka wangu wa kwanza gerejini, mtu aliyenifundisha kazi, Fundi Zenobi, aliniachia lori la kahawa nilioshe injini. Lori lilikuwa ndiyo kwanza limeingia kutoka milimani, injini inatoa joto kama tanuri la matofali. Nilitaka kumfurahisha mzee kwa kuwahi. Nikajaza ndoo maji ya mto, na mnajua maji ya mito ya kwetu Juni yalivyo baridi, nikayamwaga yote kwa mkupuo. Nikasikia "ta!", kama mtu amevunja kuni kavu kwa goti. Lile bomba la chuma linalokusanya moshi kutoka kwenye injini, menifoldi, lilikuwa limepasuka kutoka mwanzo hadi mwisho.

Fundi Zenobi alikuja taratibu, akainama, akapitisha kidole kwenye ufa. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa jua.

"Umesikia ilivyolia?" akaniuliza.

"Nimesikia, fundi."

"Basi huo ulikuwa mtihani wako wa kwanza. Umefeli, tena kwa sauti."

Wiki tatu zilizofuata, kila gari lililoingia alinituma niweke kiganja karibu na injini nimwambie kama imepoa, na mpaka leo kiganja changu kinajua kuliko kipimajoto.

Ijumaa pikapu yangu ilikuwa safi kiasi kwamba nilisoma namba za injini ambazo sikuwahi kuzisoma tangu niinunue. Nikabadilisha oili, nikasafisha plagi na kabureta, nikamwaga petroli ya zamani iliyokuwa inanuka kama rangi, nikaweka mpya, nikaazima betri kwa jirani. Nikapiga stata. Ilikohoa, ikatema moshi mweusi na unyoya mmoja, ikawaka. Mama Rehema alitoka jikoni akiwa ameshika mwiko. Nilimwona ametabasamu kabla hajageuka.

Sasa kutafuta inapovujia. Nilihitaji unga. Ukipaka poda au unga laini kwenye injini safi iliyokauka, kisha ukaiwasha na kuiacha ingurume, oili ikitoka itachora njia yake juu ya weupe kama konokono. Poda sikuwa nayo. Nikaingia stoo nikachota bakuli la unga wa muhogo.

"Huo si unga niliouandaa wa kumkaribishia mama?" mke wangu akauliza mlangoni.

"Ni bakuli moja tu."

"Mwambie mwenyewe basi akifika, kwamba gari limekula kwanza."

Nikanyunyiza, nikawasha, nikalala chini na tochi. Kwa nyuma, chini, pale injini inapokutana na giaboksi, tone likaanza kukusanyika. Fundi asiyejua angesema mara moja: sili ya nyuma, ule mpira wa kuzuia oili, imekufa, shusha giaboksi. Na mimi nilikuwa fundi huyo wakati fulani. Mwaka wangu wa nne, nimeshaota ndevu na majivuno, lilikuja lori linadondosha oili hapohapo. Sikumwuliza mtu. Nilishusha giaboksi, kazi ya siku mbili, mgongo ukaanza kuniuma tangu siku ile. Nikaweka sili mpya, nikapandisha, nikawasha, likadondosha tone lilelile mahali palepale. Fundi Zenobi alichukua kitambaa, akapanguza juu ya injini, pale kifuniko cha vali kinapolala. Kitambaa kikarudi cheusi.

"Oili haipandi mlima," akasema. "Inashuka, halafu upepo wa safari unaisukuma nyuma. Ukiiona inadondoka nyuma chini, wewe anza kutafuta mbele juu."

Kwa hiyo mara hii nilifuata unga. Michirizi ilitoka chini ya kifuniko cha vali, ikashuka mgongoni mwa injini, ikaenda kudondokea kule nyuma ikijifanya ni sili. Gasketi ya kifuniko, ule utando wa kuziba kati yake na injini, ilikuwa imekauka kama gamba la mti. Nikaona na mengine madogo: bolti mbili za sampu, lile bakuli la oili la chini, zimelegea, na mpira wa juu wa rejeta, nilipouminya, ulikuwa na nyufa. Mipira ya maji iminyeni kwa vidole injini ikiwa imepoa. Mzima unarudi kama mkate mpya. Mbovu ama ni mgumu, ama unalegea kama ngozi ya shingo yangu.

Jumamosi asubuhi nikaenda mjini kwenye duka la spea la Skola, mama wa makamo ambaye ameniuzia vitu tangu baba yake alipomwachia duka.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, Skola. Nipe mpira wa rejeta na klipu mbili, na gasketi ya kifuniko cha vali." Nikamtajia aina ya gari.

"Hizo gasketi haziji tena. Mteja gani bado ana gari hilo?"

"Mzee mmoja hivi wa mtaani kwetu."

"Yule ambaye mke wake alipita hapa jana kuniuliza kama namfahamu dereva wa teksi anayefika Chiwanda?"

Nilijifanya natazama feni zilizoning'inia. Skola akanipa mpira na klipu, akanitafutia kipande cha koki ya kukatia gasketi, ile laini kama kizibo cha chupa, na akakataa kunitazama usoni ili asicheke.

Nikarudi nikakata. Weka kifuniko juu ya koki, chora kwa penseli, kata kwa wembe mpya, matundu ya bolti yatoboe kwa kipande cha bomba kilichonolewa. Lakini kabla ya hapo tazama kifuniko chenyewe. Mabati haya hupinda pale bolti zinapobana, kwa sababu ya mafundi wanaodhani kukaza sana ndiyo kuziba. Nilikilaza juu ya ubao, nikakinyoosha kwa nyundo ndogo taratibu. Kisha pande zote mbili zisafishwe mpaka ziwe kavu na laini. Bolti kaza kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, kwa mizunguko mitatu, kwa spana fupi. Na silikoni ikipakwa, iwe nyembamba kama siagi ya maskini. Ile inayobaki ndani hukatika, ikashuka, ikaziba chujio la pampu ya oili, na hapo mnakuwa mmeziba tone mkaua injini.

Saa tisa alasiri nikaingia njia ya kwenda Litumbandyosi kulijaribu. Lilikimbia vizuri. Watoto walinipungia, wakulima waliokuwa kwenye ngolo zao, yale mashamba ya mashimo ya mteremkoni, wakanyanyua majembe. Niliimba. Niliporudi nikafungua boneti, wimbo ukaniishia kooni. Oili ilikuwa imetoka palepale, juu ya gasketi yangu mpya, na safari hii imetapakaa mpaka kwenye altaneta.

Nilidhani nimekata vibaya. Jumapili, baada ya misa, ambako nilipokea amani kwa mikono yenye kucha nyeusi, nikakata gasketi ya pili kwa uangalifu kama fundi saa. Jumatatu asubuhi nikalijaribu tena. Ikawa mbaya zaidi. Sasa ilitoka juu, ikatoka kwenye sampu, na ikaanza kutoka mbele kwenye sili ya puli, ambayo Ijumaa ilikuwa kavu kabisa. Nikakaza bolti za sampu. Nikaongeza silikoni, kinyume cha yote niliyowahi kufundisha. Nikawasha. Ikatoka.

Vijana, nikwambieni kweli, niliketi juu ya ndoo nikajisikia mzee. Mgongo unauma, saa saba mchana Jumatatu, na Jumatano madaktari wapo. Akilini nilimwona mama mkwe wangu ameketi kizingitini Chiwanda, amevaa vizuri, anasubiri mlio wa gari la mkwe wake fundi. Nilikuwa nimeshasimama kwenda kumwambia mke wangu ampigie dereva wa teksi. Nilikuwa hata nimepanga maneno.

Yeye akawahi kutoka. Alikuwa na sahani ya maharage na ugali. Injini bado ilikuwa inanguruma. Alisimama kando ya boneti, akainama kutazama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote ya ndoa yetu.

"Baba Rehema, hiki kijiti umekiacha juu makusudi?"

"Kijiti gani?"

"Hiki cha kupimia oili."

Nikatazama. Kijiti kilikuwa kimechomoka upana wa vidole viwili kutoka kwenye tundu lake. Nilikuwa nimekisukuma mpaka mwisho kwa mkono wangu. Nikakirudisha. Tukakitazama wote wawili. Kikatetemeka, kikaanza kupanda polepole, peke yake, kama panya anayechungulia.

"Kinasukumwa," akasema. "Hili gari linapumulia wapi? Maana hata chungu cha maharage ukikiziba mfuniko bila kuacha nafasi, kitamwagikia pembeni tu."

Nilizima injini, nikalala chini, nikatafuta bomba la kupumulia. Injini zote zina njia ya kutolea pumzi, kwa sababu kuna moshi kidogo unaopenya kwenye ringi za pistoni ukaingia chini. Kwenye injini za zamani kama yangu ni bomba la chuma tu linaloning'inia kando, wazi kwa chini. Nililiosha kwa nje likang'aa. Ndani sikulitazama. Nikaingiza waya. Ulikwama baada ya inchi moja.

Nikalifungua bomba, nikalipigapiga kwenye jiwe. Likadondosha udongo mkavu, vipande vipande, na ndani ya vipande vile buibui wakavu waliopangwa kama dagaa dukani. Nyigu. Wale wanaojenga vyumba vya udongo kwenye pembe za dari walikuwa wamejenga nyumba ya vyumba saba ndani ya pumzi ya gari langu. Injini ilikosa pa kutolea hewa, ikawa inasukuma oili popote palipokubali kufunguka. Gasketi zangu zote mbili zilikuwa nzuri. Nilizitupa bure.

Nilikaa pale chini nikaanza kucheka. Mama Rehema naye akacheka, mpaka akaiweka sahani juu ya madigadi ya gari ashike tumbo. Tulicheka kama watoto waliokatazwa kucheka kanisani. Kisha nikanawa, tukala maharage yale kwa mikono kwenye sahani moja, tukiwa tumeegemea pikapu, na nikamwambia kweli kwamba nilikuwa njiani kwenda kumwambia aite teksi.

"Nilijua," akasema. "Nilimwambia dereva asubiri simu yangu mpaka jioni. Sasa nitamwambia asisubiri."

Nikakata gasketi ya tatu. Nikarudisha bomba, nikapanguza injini mpaka ikakauka, nikaweka unga, nikawasha. Kijiti kilitulia kwenye tundu lake. Nikaliendesha mpaka jua lilipoanza kushuka, nikafungua boneti: unga mweupe, mkavu, isipokuwa tone dogo mbele kwenye sili ya puli, ambayo ni ya kizamani kama mimi na nimeamua kuisamehe.

Jumanne tukateremka. Zile kona za kushukia ziwani nilizishuka kwa gia ya pili, maji yakionekana chini upande wa kulia, na mke wangu akinitajia majina ya samaki atakaokula. Mbamba Bay nikasimama, nikapima oili: haijapungua hata alama. Kutoka pale kwenda Chiwanda barabara ina mchanga na mashimo, nikaenda pole. Saa tano na nusu tukafika.

Bibi Dorika alikuwa ameketi kizingitini, amevaa kitenge kipya na kitambaa cheupe cha kanisani kichwani. Yona alisema alikuwa hapo tangu saa kumi na mbili.

"Shikamoo mama," nikasema, nikasimama mbali kidogo, kama inavyompasa mkwe.

"Marahaba, Baba Rehema. Nimelisikia tangu lilipopita kanisani. Linanguruma vizuri."

Mnajua mtu husifiwa na wangapi maishani? Mimi nimesifiwa na wenye malori na wakubwa wa ofisi. Hakuna sifa iliyoniingia kama ile.

Tulimpandisha mbele, katikati yangu na binti yake, samaki aina ya mbasa waliokaushwa wakiwa nyuma kwenye kikapu. Wakati wa kupanda milima nilisimama mara mbili kuchungulia chini na kuipumzisha injini. Mara ya pili akauliza, "Linaumwa?"

"Hapana mama. Namsalimia tu."

"Vizuri. Kizee hupenda kusalimiwa."

Tuliingia Mbinga kabla ya magharibi. Jumatano wakamfanyia jicho moja, la kulia, kazi fupi kuliko kukata gasketi. Alhamisi asubuhi tulikuwa wote pale wodini, nesi akafungua bandeji. Bibi Dorika alipepesa, akafunga, akafungua tena. Akamtazama binti yake muda mrefu. Akanyoosha mkono akamgusa nywele zilizoanza mvi, machozi yakamtoka mke wangu, na mimi nikatazama dirishani. Kisha akanigeukia.

"Baba Rehema," akasema, "na wewe umezeeka. Sauti yako haikuniambia."

Kwa hiyo, vijana, mkikuta gari limekaa, safisheni kabla ya kufungua, anzieni juu, na kabla hamjaziba popote hakikisheni kwamba linapumua. Hilo la mwisho si langu, ni la Mama Rehema, na anapenda litajwe kwa jina lake.

Nyumbani, mama mkwe alikataa kushikwa mkono. Alitembea uani peke yake, akigusa kila kitu kama anayekihesabu: kichanja cha kahawa, kuku, ndoo, mgomba. Akafika kwenye pikapu. Akaizunguka polepole. Akatazama kutu ya milango, boneti iliyofungwa kwa waya, kioo chenye ufa, taa moja iliyokuwa imeelekea juu.

"Hili ndilo lililonileta?" akauliza.

"Ndilo, mama," nikajibu, kifua mbele.

"Kwenye zile kona?"

"Ndiyo, mama."

Akalitazama tena kidogo kwa jicho lake jipya. Kisha akamgeukia binti yake na kumuuliza, kwa sauti ya chini ili asinivunjie heshima, basi la kwenda Mbamba Bay huondoka saa ngapi.